Usiniulize unywe nini: maswali yenu kuhusu uchovu

Barua nyingi za safari hii zinahusu uchovu. Nimechagua saba, na katika baadhi sitauma maneno.

Siku hizi nachoka sana. Ninywe nini nipate nguvu?

Swali hili linanijia kila mara, na kila mara linakuja hivi hivi, tupu. Hujasema unalala saa ngapi. Hujasema uchovu ulianza lini, wala kama una homa, umepungua uzito au unatumia dawa yoyote. Atakayekujibu haraka bila kukuuliza hayo ana chupa anayotaka uinunue. Chukua daftari, na kwa siku saba andika saa uliyolala na saa uliyoamka. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Ukikuta unapata saa 5, jibu lako umeshalipata, na halimo kwenye chupa.

Kahawa je? Bila vikombe vinne sifanyi kazi.

Kikombe cha asubuhi sina ugomvi nacho, ila ujue kinafanya nini. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unajikusanyia adenosini, kemikali inayokuletea usingizi. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, hukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, ikaizuia isisikike. Haiiondoi. Kafeini ikiisha, usingizi wote uliokuwa umezuiwa unakuangukia kwa pamoja. Tena hukawia kutoka: kwa watu wengi, saa tano baadaye nusu yake bado imo mwilini. Kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake ingali inafanya kazi. Basi unalala vibaya, unaamka mzito, na unaongeza kikombe cha tano.

Usinywe baada ya saa sita mchana. Punguza kidogo kidogo, maana ukikata ghafla kichwa kitakuuma siku mbili tatu. Na wale wanaochanganya vinywaji vya kuongeza nguvu na pombe, acheni. Kafeini inauficha ulevi, haiuondoi, na anayejiona hajalewa ndiye anayeshika usukani.

Nitajuaje kama huu ni uchovu wa kawaida au nimeishiwa kabisa?

Hili ndilo swali ninalotamani wengi wangeuliza. Uchovu wa kawaida una sababu unayoweza kuitaja, na ukilala vizuri usiku mmoja au miwili unaondoka. Kuishiwa ni jambo jingine. Unaamka umechoka vile vile ulivyolala. Sentensi moja unaisoma mara tatu. Unamkaripia mtoto kwa kijiko kilichoanguka. Simu ya rafiki ikiita unaitazama tu mpaka ikatike. Kazi uliyokuwa ukijivunia unaifanya kwa kinyongo, na watu unaowahudumia unaanza kuwaona kero.

Hilo la mwisho lichunge sana. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu wahudumu wa kliniki ya bure mjini New York, watu walioingia kwa moyo mkunjufu wakaishia kukauka, na yeye mwenyewe yalimkuta. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaieleza hali hiyo kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi yako au kuichukia, na kuhisi kwamba hufanyi la maana. Shirika hilo linasema chanzo chake ni msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Halikusema ni udhaifu wa mtu, nanyi msikubali kuambiwa hivyo.

Na usijipime peke yako. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2003, watu waliachwa walale kwa muda wa saa 6 tu kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ulishuka hadi kufanana na wa mtu aliyekesha, lakini wao walijiona wana usingizi kidogo tu. Waulize unaoishi nao. Wao walishaona zamani.

Kama kwa wiki mbili mfululizo huna hamu na chochote na hakuna kinachokufurahisha, huenda ni sonona, nayo ina tiba, muone mtaalamu. Kama unawaza kufa, mwambie mtu leo hii.

Naendesha gari usiku. Usingizi ukinijia nafungua dirisha na kuongeza sauti ya redio. Inatosha?

Haitoshi. Egesha mahali salama, ulale dakika 20. Ukikaa macho saa 17 mfululizo, mwili wako unaitikia kama wa mtu aliyekwisha kunywa pombe.

Nilienda likizo wiki mbili. Siku ya tatu kazini nimechoka kama mwanzo. Nina tatizo gani?

Ulirudi kwenye kile kile kilichokumaliza. Ndoo iliyotoboka ukiijaza, itavuja tena, hata ungeijaza kwa mwezi mzima. Wengi wenu mnaniuliza namna ya kuongeza nguvu, na karibu hakuna anayeuliza apunguze nini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi inazidi kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Na saa hizo ni za ajira. Kuuguza mzazi, kupika, kufua na kuamka usiku kwa ajili ya mtoto havimo, na mara nyingi vinamwangukia mwanamke.

Andika kila unachokibeba kwa wiki. Chagua kimoja cha kutua, siyo vitano. Kisha omba kwa jina: usimwambie mkuu wako "nimelemewa", mwambie "ripoti ya Ijumaa apewe mwingine kwa miezi miwili". Nyumbani vilevile: taja kazi, taja atakayeifanya. Nanyi wakuu mnaomsifu anayejibu ujumbe saa nane usiku, mnamwangamiza mtu wenu bora.

Mazoezi yanasaidia, au yananimaliza zaidi?

Kwa wengi yanasaidia. Anza na kutembea dakika kumi mchana, kwenye mwanga. Lakini kama tangu uugue kila ukijitutumua unaanguka kitandani kesho yake au siku ya pili, simama, usijilazimishe, na umwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia.

Mke wangu analala kwa muda wa saa tisa na bado amechoka. Akipanda ngazi anahema. Nadhani ni uvivu.

Uvivu haumfanyi mtu aheme ngazini. Apimwe damu wiki hii. Mwanamke mwenye hedhi nzito anaweza kupoteza madini ya chuma polepole mpaka moyo ulazimike kukimbia ili kuufidia upungufu huo. Msinunue vidonge kwa kukisia: kwanza ijulikane damu inakwenda wapi. Akiandikiwa vidonge vya chuma, asivimeze na chai wala kahawa, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Choo kitakuwa cheusi, msishtuke. Na asiache siku anapojisikia nafuu. Kwa kawaida huendelea miezi mitatu hivi baada ya damu kurudi sawa, ili akiba ijae.

Damu ikiwa sawa, msirudi nyumbani na kusema hana kitu. Ulizeni kuhusu tezi ya shingo, hasa kama anahisi baridi na ananenepa bila sababu. Sukari, kama ana kiu na anakojoa mara kwa mara. Kifua kikuu, kama anakohoa na kutoka jasho usiku. Anakoroma? Pumzi inakatika usingizini kisha anashtuka? Hilo ni wewe tu unayeweza kulijua, kwa sababu yeye amelala. Ongozana naye, ukiwa na karatasi uliyoandika: hedhi yake huchukua siku ngapi, kuhema kulianza lini, usiku unasikia nini. Mtu aliyeishiwa nguvu akifika kwa daktari husahau nusu ya aliyotaka kusema.