Ukipewa nafasi ya baba jukwaani, anza na hesabu ya paa

Nimecheza baba mara nne. Ukiwa na kitambi na sauti nzito hapa Nakuru, kila kikundi cha maigizo kitakupa baba, upende usipende. Mara tatu za kwanza niliharibu, na kosa lilikuwa lilelile: nilitaka watu wajue kwamba huyu mzee, pamoja na kufoka kwake kote, anampenda mwanawe. Basi nikawa nalegeza sauti mwishoni mwa sentensi. Nikawa naweka mkono begani mwa kijana. Siku moja nikatoa na chozi kabisa, na mama mmoja wa safu ya mbele akaangua kicheko.

Aliyenirudisha darasani ni August Wilson, Mmarekani aliyeandika Fences. Tamthilia hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1987. Baba mle ndani, Troy Maxson, ni mzoa taka mjini Pittsburgh, mwaka 1957. Mwanawe Cory anamuuliza kwa nini hajawahi kumpenda. Troy anamjia juu: nani kasema lazima nikupende? Unakula, unavaa, unalala kwangu kwa sababu wewe ni mwanangu na hilo ni jukumu langu. Kupendezwa nawe si sehemu ya mapatano.

Tulipolifanyia mazoezi onyesho hilo kwa Kiswahili, katika ukumbi wa kanisa kule Section 58, tulikwama kwenye swali lenyewe. Kiingereza kina neno la kupenda kwa dhati na lingine la kumfurahia tu mtu, na Cory anatumia hili la pili. Sisi neno letu ni moja. Ukisema "mbona hunipendi" umeshalipandisha hadi kilio cha msibani. Tukajaribu "mbona hujawahi kunifurahia," na kijana aliyecheza Cory akasema hakuna mtoto wa Nakuru anayeweza kumwambia babake hivyo. "Mzee ataniuliza nimevuta nini." Tukacheka, lakini ndivyo ilivyo, na nikamwambia alitamke vivyo hivyo, kama mtu anayesema jambo ambalo kwao halijawahi kusemwa. Tulilibakisha.

Sasa, waigizaji wengi wanalikimbilia swali hilo. Mimi nakuomba urudi nyuma kidogo, pale Cory anapotaka wanunue televisheni. Inauzwa dola 200. Troy anamwambia paa linahitaji kupakwa lami, na kazi hiyo ni dola 264. Anamuuliza: theluji ikiyeyuka na maji yakaanza kuvuja, utafanyaje? Halafu, akiwa bado ananung'unika, anasema kijana akileta dola 100 zake, yeye ataongeza 100 nyingine. Ukiipitia sehemu hii mbiombio kama tangazo la redio, umeshapoteza kila kitu. Ukiipa uzito wake, baada ya hapo huna haja ya kulegeza sauti.

Naijua hesabu hiyo. Nikiwa kidato cha pili nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Babangu aling'oa karatasi ya kalenda ya mwezi uliopita, akaigeuza, akaandika upande mmoja mabati kumi na mawili, misumari na fundi, upande wa pili karo. Biro ilikuwa inakataa, akawa anaipulizia. Akapiga mstari upande wa mabati. Kisha akanikaripia robo saa nzima kuhusu viatu, jinsi ninavyovikanyaga visigino. Mvua ya Aprili tuliipokea kwa sufuria.

Kwa hivyo zoezi ninalowapa vijana ni hili: kabla ya kujifunza maneno, andika kila kitu ambacho baba huyo amelipia mwezi huo, kwa shilingi, mpaka kiberiti. Ikunje hiyo karatasi, uitie mfukoni, na usimwonyeshe mtu. Halafu ipe mikono kazi. Sisi tulileta msumeno na mbao kwelikweli, kwa sababu Troy anajenga ua, yaani uzio wa mbao. Ukijibu swali la mtoto huku unapima ubao, hutapata nafasi ya kumgusa bega.

Lakini usimfanye malaika. Troy huyuhuyu anamnyima Cory nafasi ya kwenda chuo kwa kipaji chake cha kandanda ya Kimarekani. Anasema wazungu hawatamfikisha popote, maana yeye mwenyewe besiboli ilimfungia mlango kwa rangi yake. Je, anamkinga mwanawe au anamwonea wivu? Mwelekezi akikulazimisha uchague, mkatalie.

Linganisha na mfalme Agamemnon katika Iphigenia in Aulis, tamthilia ya Euripides wa Ugiriki ya kale, anayetakiwa kumtoa kafara bintiye Iphigenia ili upepo uvume, majeshi yaende Troya (Troya mji, msichanganye). Anaandika barua ya kumwita binti, kisha kwa siri anaandika ya pili ya kumzuia, na hiyo inanaswa njiani. Huyu analia waziwazi, anamkumbatia mtoto, maneno matamu anayo. Na binti anapelekwa madhabahuni. Mtu akikwambia kwamba baba anayelia ndiye mwenye mapenzi, mpe tamthilia hiyo asome.

Mara ya nne tulifanya onyesho lile moja tu, mbele ya jamaa na marafiki. Sikumgusa kijana. Swali lilipotoka ukumbi ulinyamaza, nikaendelea kukata ubao hadi kipande kikaanguka, ndipo nikajibu.

Baada ya hapo baba mzazi wa yule kijana, seremala wa Bondeni, alipanda jukwaani. Kuhusu mchezo hakusema neno. Aliugeuza ua wetu, akautikisa, akasema hii ni mbao mbichi, itapinda kabla ya wiki kwisha, na nani kawafundisha kupiga misumari hivi? Kesho yake asubuhi tulikuta mbao tatu kavu, zimepigwa randa, zimeegemezwa kwenye mlango wa ukumbi.