Majani ya nishati: maswali yenu wiki hii

Tangu niguse habari ya majani ya kuzalisha nishati simu haipumui, haya twende.

Wa Kibaha: Eti Ulaya wanalima majani ya kuchoma wapate umeme, au stori za kijiweni?

Kweli kabisa kijana. Linaitwa miskanthasi, chotara lisilotoa mbegu, lilitoka Japani likafika Denmark 1935 kama pambo la bustani, leo Uingereza wanalichoma kwenye mitambo ya umeme. Wamarekani wanahangaika na swichigrasi, jani lao la asili. Unapanda mara moja unavuna miaka 15 na zaidi. Ila kwa sababu mbegu hakuna, miskanthasi inapandwa kwa vipande vya shina la ardhini, na hapo ndo gharama ilipo.

Wa Tegeta, mfugaji: Mabingobingo yangu hayafai?

Yanafaa dada, tena asili yake ni hapahapa Afrika na kwa uzito yanashindana na yoyote. Kupanda ni rahisi: kipande cha shina chenye vifundo vitatu, viwili unafukia kwa mshazari kimoja nje, mvua ikinyesha basi. Ishu ni kwamba ya ng'ombe unakata kila wiki 6 hadi 8 yakiwa laini, ya kuchoma unayaacha miezi mpaka yakomae yawe magumu, na mabichi karibu 80% ni maji sasa hebu piga hesabu ya kulipia fuso libebe maji. Halafu yana potasiamu nyingi, kwenye tanuru la kiwanda jivu linayeyuka linagandana. Wazungu wanasubiri baridi ikaushe shamba na virutubisho virudi mizizini ndo wavune, sisi baridi hiyo tuitoe wapi? Mi ningelisha ng'ombe kwanza.

Mzee wa Kisarawe: Tuliambiwa mibono itatutajirisha. Hii si ileile?

Shikamoo mzee. Una haki ya kuogopa. Mibono, ile miti ya mbegu za mafuta ya kuendeshea mitambo, walisema inastawi hata ardhi kavu, na kweli haikufa, ila mbegu zilikuwa kiduchu. Majani nayo hivyohivyo, kwenye udongo uliochoka yataota lakini tani hupati, na kila ukivuna unaondoka na rutuba, kwa hiyo samadi lazima. Akija mtu na mkataba muulize ananunua kilo shilingi ngapi, mabichi au makavu, na usafiri wa nani. Akianza kuzungukazunguka, mpe chai aende.

Mama lishe wa Mbagala: Mkaa wa majani upo?

Upo mama, ndo mkaa mbadala huohuo. Majani makavu yanaunguzwa kwenye pipa lenye hewa kidogo, yanasagwa, yanachanganywa na uji wa muhogo, yanashindiliwa, yanaanikwa. Tangu serikali ipige marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, Januari 2024, wauzaji wa mkaa mbadala wanatafuta wateja. Jivu lake jingi kuliko la mkaa wa mti na moto wake mpole, kwa maharage freshi, kwa chapati za asubuhi foleni ikiwa ndefu utanitukana. Wakikuuzia uliochanganywa na vifuu vya nazi, chukua huo.