Maswali yenu: medali ikirudi imechelewa

Mshindi akigunduliwa alitumia pufya (dawa zilizokatazwa michezoni), wa pili hupewa dhahabu yake. Mbona bado mnalalamika? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu dhahabu hurudi, siku yake hairudi. Fainali ya mita 1,500, Beijing 2008: Rashid Ramzi wa Bahrain alitangulia, Asbel Kiprop wetu, kijana wa miaka 19, akamfuata. Wimbo uliopigwa ukawa wa Bahrain. Mwaka uliofuata sampuli ya Ramzi ilipimwa upya, ikakutwa na CERA, jamii ya EPO, inayoongeza chembe nyekundu za damu ili misuli ipate oksijeni zaidi. Akapokonywa medali. Mfaransa Mehdi Baala, aliyekuwa wa nne, ndipo akapata shaba. Usiku ule wa fainali alitoka uwanjani mikono mitupu.

Linaloniuma zaidi: Kiprop huyohuyo alipimwa Novemba 2017, ikapatikana EPO, akafungiwa miaka 4. Mwenyewe alikana. Nilimshangilia sana kijana yule, na bado naona uchungu kuyaandika haya.

Nikimeza dawa ya mafua ya dukani, kumbe ina kitu kilichokatazwa, kosa ni langu? (Msomaji, Iten)

Ndiyo. Kilichomo mwilini mwako ni jukumu lako. Kutojua huenda kukapunguza adhabu, lakini kosa linabaki. Mwambie mfamasia kwamba wewe ni mwanariadha, na uwaulize ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya, kabla ya kumeza.

Wadhibiti kasi, wanaoajiriwa kuwaongoza wenzao kwa mwendo uliopangwa, si udanganyifu? (Msomaji, Arusha)

Si udanganyifu, mradi kila mtu anajua ndio wao. Katika nusu marathoni ya Beijing, Aprili 2024, Wakenya wawili na Mwethiopia mmoja walipunguza mwendo karibu na utepe, mmoja akimpungia Mchina He Jie mkono apite. Waliajiriwa kudhibiti kasi, ila hawakutambulishwa hivyo. Matokeo ya wote wanne yakafutwa, na ni sawa kabisa.

Kocha amemwambia binti yangu kwamba mpinzani akikosea, ampite tu. Nimwambieje? (Mzazi, Kapsabet)

Msimulie habari ya mwanariadha wetu Abel Mutai. Desemba 2012, mbio za nyika huko Burlada, Hispania, Mutai alisimama mita chache kabla ya mstari akidhani amemaliza. Mhispania Iván Fernández Anaya alimfikia, akakataa kumpita, akamwonyesha kwa mkono aendelee. Mutai akashinda. Kocha wa Iván, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni 1995, alisema yeye asingefanya hivyo. Mama, makocha watabishana. Mimi niko upande wa Iván.