Ajaili sio "haraka", jamani

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Natengeneza programu za kompyuta, na kazini tumeambiwa ripoti ziwe kwa Kiswahili. Ile agile ya Waingereza, yaani kutengeneza programu kipande kwa kipande huku ukibadilika kadiri mteja anavyosema, bosi anataka tuiandike 'mbinu za haraka', mwenzangu anasema 'ajaili', mimi kuna mahali nimeona 'mbinu nyumbufu'. Ipi sahihi?"

Marahaba, na umenigusa penyewe, manake hiyo "mbinu za haraka" nimekutana nayo mara nyingi mno na kila nikiiona napandwa na hasira upya. Sio haraka! Hilo neno agile asili yake ni Kilatini, agilis, mzizi wake ni kutenda, na Waingereza wanalitumia kwa mtu au mnyama anayejigeuza bila shida. Haraka yetu imetoka Kiarabu ambako maana yake ni mwendo tu, sisi ndio tukaitia kasi, halafu tukaitungia na methali kwamba haina baraka. Sasa neno ambalo Waswahili wenyewe walishalitilia shaka wewe unalipeleka kwenye ripoti ya kumshawishi mteja, mteja ataelewa nini? Ataelewa kazi yake inaenda kulipuliwa.

Chukua winga na kipa. Winga ana haraka, goli analiona, anakata upepo moja kwa moja. Kipa hakimbii popote, anaweza kusimama palepale dakika kumi, ila shuti likipigwa kushoto likamgonga beki likageuka kulia, yeye ambaye mwili ulishaanza kwenda kushoto anajirudisha hewani na kuutoa mpira kwa unyayo. Huyo unamwitaje? Utasema kipa mwepesi, hutasema kipa ana haraka. Kipa mwenye haraka ni yule anayeruka kabla penalti haijapigwa, anaangukia huku mpira unaingia kule, na timu nzima inamwangalia yeye.

Hicho ndicho timu ya ajaili inachofanya, inatengeneza kipande, inamwonyesha mteja, mteja anasema hapana sio hivi, inageuka. Wanaofuata Skramu, mojawapo ya mbinu hizo za ajaili, kipande chao hakizidi mwezi mmoja. Inawezekana kabisa wakachelewa kumaliza kuliko jirani yao, ila walichomaliza kuna mtu anakihitaji. Ile njia ya zamani wanaiita maporomoko ya maji, na hapo sina ugomvi, tafsiri imekaa vizuri: unapanga yote mwanzoni, mahitaji, usanifu, kuandika kodi za programu, majaribio, hatua ikiisha unashukia nyingine na maji hayapandi mlima. (Winston Royce, mtaalamu wa programu za kompyuta aliyezichora hatua hizo mwaka 1970 hakutumia jina hilo, na kwenye andiko lilelile alionya kwamba kuzifuata hivyo ni hatari. Watu wakabeba mchoro wakaacha onyo.)

Haraka imezaa na mtoto wake, ile dhana kwamba ajaili ni "kufanya kazi bila mpango". Wale wataalamu wa programu 17 waliokutana Snowbird, Utah, kule Marekani, Februari 2001 wakaandika ile ilani ya ajaili, walisema wanathamini kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango, na wakaongeza wazi kwamba hivyo vya upande wa pili navyo vina thamani. Kuliko! Kuliko inalinganisha, haifuti kitu. Nikisema napenda chai kuliko kahawa sijasema kahawa imwagwe. Na kwenye Skramu kila awamu inaanza na kikao cha kupanga, kwa hiyo wanapanga mara nyingi kuliko hao wa maporomoko.

Sasa tuiiteje? Moyo wangu uko kwa "nyepesi", lakini kazi nyepesi ni kazi rahisi pia, na kabla ya 2001 mbinu hizo kweli zilikuwa zinaitwa nyepesi kwa maana ya uzito, na wapo kati ya wale 17 ambao jina hilo halikuwafurahisha. "Nyumbufu" ni ya mpira wa manati, unavutika kisha unarudi ulivyokuwa, wakati timu iliyogeuka haitakiwi kurudi ilikotoka. Inabaki ajaili, sauti yake bado inanikwaruza sikio ila nimechoka kuipinga, wenye fani wanaitumia na wanaelewana.

Kwa hiyo andika "mbinu ya ajaili", mara ya kwanza tu ongeza "yaani mbinu yenye wepesi wa kubadilika", halafu mwombe bosi kwa heshima zote aiondoe hiyo haraka, na kwenye jalada pia kama ilishachapwa.