Mwanangu, kilichorudi kiandike kimerudi

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, ya pili mama yako akiwa kando yangu. Unauliza ufanyeje na blenda, pasi na birika wanazorudisha wateja wako hapo Nakuru, nyingine baada ya siku mbili tu. Uziweke tena kwenye mtandao wa Jiji na Facebook kama mpya, au uandike zimetumika na ukubali hasara?

Andika zimetumika. Ila usiishie hapo, maana hasara yako inatoka hapo hapo.

Mtu akisoma "imetumika" na basi, anawaza mabaya yote: imesaga njugu miaka mitano, imeanguka, imepita kwa mafundi watatu. Anakupa bei ya fagia, ile mitumba ya mwisho kabisa. Mama yako akifungua belo la nguo pale sokoni Kibuye, kamera, yaani zile za daraja la kwanza, anazitundika mbele kwenye hanga, za katikati anazipanga mezani, fagia anaimwaga kwenye turubai chini. Zote mitumba, lakini hakuna anayemwambia bei ni moja, kwa sababu mteja anashika kitambaa na kukivuta. Wako anaona picha tu. Basi mwandikie: "Blenda imerudi baada ya siku mbili, mwenyewe alitaka kubwa zaidi. Boksi limefunguliwa. Jagi lina mkwaruzo karibu na mkono. Nimeijaribu leo." Piga picha huo mkwaruzo, kwa karibu. Hapo punguza robo ya bei, si nusu, na akijaribu kukushusha zaidi, mwache aende.

Na uijaribu kweli. Tia maji nusu jagi, washa dakika moja, zima, rudia mara tatu huku ukinusa upande wa mota. Blenda mpya hutoa harufu kidogo mwanzoni, hiyo isikutishe. Lakini harufu ikizidi kila unapowasha, au ukichungulia matundu ya hewa ukaona cheche nyingi, hiyo ni ya fundi, si ya kuuza. Pasi, iache kwenye umeme mpaka taa izime yenyewe. Isipozima, kidude cha kupima joto kimekwama na itachoma shati la mtu. Birika likiwa na magamba meupe ndani, halikuchemsha chai ya siku mbili, hata aliyelirudisha aape vipi.

Wapo pia wanaonunua pasi yako mpya na kukurudishia ile kuukuu yao ndani ya boksi lako. Kabla parseli haijatoka, nakili kwenye daftari nambari iliyobandikwa kwenye kifaa chenyewe, na ikirudi ulinganishe kabla hujamrudishia mtu pesa kwa M-Pesa. Hapo hapo mwulize kwa nini anarudisha, jibu lake uliandike kando ya nambari. Wengi husema ukweli wakiulizwa bila ukali.

Sheria nayo unayo. Ile ya kulinda watumiaji, ya 2012, inahesabu kuwa ni udanganyifu kusema kitu ni kipya kama sicho. Lakini kukijaribu na kukiandaa wewe mwenyewe kabla ya kukipeleka hakukifanyi kuwa kilichotumika. Kwa hiyo ulichowasha dukani bado ni kipya, alichosagia mtu avokado kwake si kipya tena. Na boksi lililorudi na sili yake nzima, rudisha rafuni tu.

Nikwambie jambo ambalo hata mama yako hakulijua mpaka leo. Zamani, nikiwa bado na kibanda cha redio, mtu alinirudishia redio ya kaseti, akasema inakoroma. Niliifuta kwa mafuta ya taa, nikairudisha kwenye nailoni yake, nikamwuzia mama mmoja kutoka Ahero kama mpya. Baada ya siku nne akarudi. Hakunigombeza. Aliiweka mezani, akaiwasha, akafungua sauti mpaka mwisho, akakunja mikono. Tukaisikiliza ikikoroma, mimi na yeye na wateja watatu waliokuwa wamesimama pale. Mmoja alikuwa ameshashika noti mkononi. Akairudisha mfukoni, akasema atapita kesho. Nilimrudishia mama yule pesa yake na nauli juu, na bado nikabaki na redio inayokoroma, ambayo siku ya kwanza ningeiuza kwa bei ya redio inayokoroma na ingechukuliwa kabla ya saa sita. Kuna watu wanataka taarifa ya habari tu.

Ile pasi uliyosema taa yake haizimi, usiiweke popote. Itume na matatu ya Jumatano, niifungue. Mama yako naye anauliza kama hakuna sufuria zilizorudi.

Baba yako