Mwanajiolojia Anayetoa Tahadhari: Ushauri kwa Anayeingia Kwenye Kazi Hii

Wanafunzi wa jiolojia wanaoniandikia huuliza kama inawezekana kufanya kazi ya uwandani, ya kupanda milima, kuchimba mashimo na kusoma matabaka, na papo hapo kuwa mtu wa kuzungumza na wananchi kuhusu volkano, matetemeko, mafuriko na maporomoko ya ardhi. Inawezekana, na ndiyo kazi inayoniweka mjini. Hata hivyo, namna wanavyoliuliza swali lao huonyesha kwamba wanaziona kazi mbili, ya kwanza ikiwa sayansi na ya pili matangazo yanayofuata sayansi ikishakamilika. Mimi siukubali mgawanyo huo.

Chukua mfano wa Colombia. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1985 volkano ya Nevado del Ruiz ililipuka, na ingawa mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa, uliyeyusha sehemu ya barafu ya kileleni, maji yakachanganyika na jivu na mawe, na tope zito likateremka mabondeni. Lilichukua zaidi ya saa mbili kuufikia mji wa Armero, ulio umbali wa kilomita 70 na zaidi kwa kufuata bonde, na watu wapatao 20,000 wakafa humo. Ramani ya hatari ilikuwa imeshachorwa mwezi uliotangulia, na mji wenyewe ulijengwa juu ya mashapo ya tope kama hilo lililopita mwaka 1845. Ushahidi ulikuwa chini ya sakafu za watu, ila hakuna aliyeugeuza kuwa neno ambalo mwenye nyumba angelifanyia uamuzi saa tatu ya usiku.

Ndiyo maana namshauri kila anayeanza ajifunze kwanza kuyasoma mashapo vizuri kwa macho na mikono yake, kwa sababu hapo ndipo maneno yake ya baadaye yatakapopata uzito. Ukisimama mbele ya ukingo wa mto uliokatwa na maji, tabaka lililowekwa na mto wa kawaida utalitambua kwa mpangilio wake, changarawe mahali pake na mchanga mahali pake. Tabaka la tope la volkano halina adabu hiyo: mawe makubwa yameshikwa katikati ya udongo laini kana kwamba yalikuwa yanaelea, na pengine kuna kipande cha mti kilichogeuka mkaa, ambacho maabara itakitumia kukadiria umri wa tukio. Mpeleke mkulima wa jirani mahali hapo, mwachie alishike jiwe, kisha mwonyeshe kwamba tabaka hilo linaendelea hadi chini ya shamba lake. Sijaona mchoro wowote wa kompyuta unaofanya kazi hiyo kwa wepesi huo.

Mkulima naye ana la kukufundisha. Ukimuuliza kama mteremko una dalili za kuporomoka atakujibu hapana, lakini ukimuuliza ni mlango upi umeanza kukwama, chemchemi ipi imebadilika rangi, na ufa ule wa juu ya shamba ulionekana kabla ya mvua au baada yake, utarudi na daftari lililojaa. Kumbukumbu za wenyeji zina thamani kubwa kuliko tunavyofundishwa vyuoni. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, masimulizi yaliyorithiwa tangu tsunami ya mwaka 1907 yaliwafunza watu kukimbilia vilimani ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma; tsunami ya Desemba 2004 ilipofika, walikufa watu 7 tu kati ya wakazi wapatao 78,000.

Kuhusu takwimu, nina msimamo mkali. Usimwambie mtu kwamba bonde lake hupata mafuriko makubwa mara moja kila miaka 100, kwa sababu atahesabu kwamba yaliyopita juzi yamemnunulia karne nzima ya usalama. Mwambie kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 katika 100, na kwamba nyumba itakayokaa hapo miaka 30 ina uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kufikiwa na mafuriko hayo angalau mara moja. Hesabu ni ileile, ila hii ya pili inafanana na maisha ya mtu anayelea watoto.

Swali utakaloulizwa kila mahali ni “lini?”, na kwa matetemeko jibu la kweli ni kwamba hakuna anayeweza kutaja siku. Kishawishi cha kuwatuliza watu ni kikubwa, nacho ni cha hatari. Kabla ya tetemeko la L’Aquila, Italia, la tarehe 6 Aprili 2009, lililoua zaidi ya watu 300, ofisa mmoja aliwaambia waandishi kwamba mitetemo midogo iliyokuwa ikiendelea ilikuwa ikipunguza nguvu iliyojikusanya. Wataalamu sita wa kamati ya kutathmini hatari na ofisa huyo walitiwa hatiani mwaka 2012, na wataalamu hao sita wakaachiwa katika rufaa mwaka 2014. Eleza kinachojulikana, kisichojulikana, na la kufanya leo, kisha amri ya kuhama uwaachie wenye mamlaka ya kuitoa. Mwanajiolojia anayetangaza uhamisho peke yake redioni huwapa watu sauti mbili wakati wanahitaji moja.

Usalama wako mwenyewe ni sehemu ya kazi. Mtaalamu wa volkano Mfaransa, Maurice Krafft, aliandaa video ya hatari za volkano iliyoonyeshwa kwa viongozi na wakazi wa eneo la Pinatubo, Ufilipino, na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa kabla ya mlipuko mkubwa wa tarehe 15 Juni 1991. Yeye na mkewe Katia walikuwa wameshafariki tarehe 3 Juni, katika volkano ya Unzen, Japani. Kubalianeni saa ya kugeuka kabla hamjaanza kupanda, na iheshimiwe hata kama sampuli nzuri iko hatua chache mbele.

Kwa upande wa masomo, shahada ya jiolojia, uchoraji wa ramani kwa kompyuta na takwimu vinatosha kukufungulia mlango wa idara za jiolojia, vituo vya kufuatilia volkano, ofisi za maafa au mashirika ya misaada. Ukiitwa kwenye usaili, uliza wazi kama mikutano na wananchi imeandikwa katika majukumu ya kazi na imetengewa fedha. Taasisi nyingi hupandisha vyeo kwa kuhesabu makala za majarida, na kazi ya mikutano hubaki ya Jumamosi. Isipoandikwa, omba iandikwe kabla hujatia saini, pamoja na bajeti ya safari ya kuwarudishia wenyeji matokeo ya utafiti, kurasa mbili kwa lugha wanayoitumia, kabla hayajatoka jaridani.