Stringi (maandishi ndani ya programu) zinafanana kwa macho ila hazilingani? Fungua gdb

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa naandikia chama kimoja cha msingi huku Mtwara programu ya C++ ya kujumlisha kilo kwa kila wilaya, inasoma mafaili ya CSV, na neno la mwisho kwenye kila mstari ni wilaya. Newala sawa, Masasi sawa, Tandahimba kilo sifuri. Tandahimba sifuri! Mtu yeyote wa huku anajua hiyo haiwezekani. Nikajaza cout (amri ya kuchapisha kwenye skrini) kila kona, skrini inasema Tandahimba, kodi ya programu ikilinganisha inasema siyo, siku mbili zikaenda hivyo hivyo.

Jamani msifanye kama mimi, fungueni gdb mapema, ile programu ya kusimamisha programu yako na kuchungulia ndani yake. Kompaili na -g (inaipa gdb majina ya kodi yako) na -O0 (bila kuboresha kodi), maana ukiacha -O2, yaani kodi iliyoboreshwa, unaweza kuambulia <optimized out>. Simamisha programu mstari ulio baada ya vekta (orodha ya majina ya wilaya) kujazwa, ukisimama kabla haijaundwa utaona takataka za memori tu. Halafu andika p wilaya (p ni print, wilaya ni jina la vekta yangu). Mimi ikaniletea std::vector of length 312, capacity 512 na majina, ila Tandahimba simuoni, kumbe gdb kwa kawaida inaishia vitu 200 inaweka nukta tatu na wenzetu hawa walikuwa mwishoni. Nikapiga set print elements 0, nikarudia, hapo ndo nikaiona: "Tandahimba\r".

Faili lao lilichapwa kwenye Windows ambako mstari unaishia na herufi mbili zisizoonekana, \r\n, mengine niliyaandaa mwenyewe kwenye Linux ambako ni \n tu. getline (inayosoma mstari mmoja mmoja) inakata \n peke yake, ile \r inabaki imeng'ang'ania neno la mwisho, na cout ikiitoa huoni kitu, ila gdb inaiandika wazi kabisa.

Ukipiga p ukaona msitu wa _M_impl na _M_dataplus (sehemu za ndani za vekta na stringi) badala ya majina, ujue printa za libstdc++ (maktaba ya C++), zile zinazoipangia gdb majina vizuri, hazijapakiwa, hakiki kwa info pretty-printer. Hata hivyo hujakwama, p wilaya._M_impl._M_start[4]._M_dataplus._M_p inakupa herufi za stringi ya tano (kuhesabu kunaanza sifuri), na hii naipenda sana kwa sababu inafanya kazi hata kwenye core (nakala ya memori) ya programu iliyokwishakufa, wakati kuita funksheni c_str() kunataka programu iwe hai.

Nikaongeza mstari mmoja tu, kama herufi ya mwisho ni '\r' basi pop_back() iifute, na kilo za Tandahimba zikatokea zote.